Siku ya mapumziko kwenye kisiwa kikavu



Mwezi uliopita tulipata barua ya mama mmoja ambaye husoma ukurasa huu pamoja na wifi zake. Barua ilikuwa fupi, na aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, sisi tunaoandika habari za nyumba kila mwezi, tunapumzika lini? La pili, tukipumzika, je, hatugombani? Alieleza kwamba nyumbani kwake ugomvi huja siku za sikukuu kuliko siku za kazi. Siku za kazi kila mtu ana lake la kufanya. Siku ya kupumzika ndipo maneno hupata nafasi.

Tulicheka tulipoisoma. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu sisi wawili, Mama na Baba wa ukurasa huu, tunayo siku moja ya mapumziko ambayo hatujawahi kuisimulia vizuri hata kwa watoto wetu. Kila mmoja alikuwa akiisimulia kwa namna ya kujipendelea. Safari hii tumekaa mezani pamoja, tumekubaliana jinsi ilivyokuwa, na hiki ndicho kisa chenyewe.

Jinsi tulivyofika huko

Wengi wenu mnajua kwamba Baba ni mtu wa Tanga, fundi na nahodha wa vyombo vya baharini. Machi mwaka 2019 alipata kazi ya kupeleka mashua ya matanga kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman, hadi Salalah, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Mwenye chombo alikubali Mama aende pia, mradi awe mpishi na ashike zamu ya usukani kama wengine. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, kwa hiyo Mama akafunga sanduku.

Wa tatu wetu alikuwa kijana baharia kutoka mji wa Sur. Sur ni mji wa mabaharia na mafundi wa majahazi tangu zamani. Majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakileta tende na papa mkavu, kisha yakirudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu kwamba bibi wa kijana yule alizaliwa Unguja, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha kulelewa na bibi. Alimwita Mama "bi mkubwa", na Baba "nahodha".

Ukikunja rasi ya Ras al Hadd ukaelekea kusini, unaingia pwani ya jangwa. Msomaji aliyezoea pwani yetu ya minazi na mikoko afikirie pwani ambayo mchanga unatoka barani unamwagika moja kwa moja baharini. Kisha huja majabali ya chokaa, kisha mchanga tena. Unaweza kusafiri mchana kutwa usione mti. Usiku unaona taa moja, au huoni kitu.

Tulisafiri kwa zamu za saa nne nne. Anayefahamu maisha ya namna hiyo anajua yanavyofanya kwa mume na mke. Mmoja akilala, mwingine yuko usukani. Mmoja akila, mwingine anavuta kamba. Siku nane tulikuwa ndani ya chombo cha meta 12, tena hatukupata hata mlo mmoja wa kula pamoja. Maneno yetu yalikuwa "upepo umegeuka", "maji ya kunywa yamebaki kiasi gani", na "nishike zamu".

Ndiyo maana tulipoviona visiwa vya Hallaniyat asubuhi moja, Baba alisema, "Leo hatuendi popote. Leo tunashuka pwani, tunakaa." Vibali alikuwa navyo tangu Muscat. Mama alishukuru Mungu kwa sauti.

Visiwa vyenyewe

Visiwa vya Hallaniyat, ambavyo ramani za zamani huviita Kuria Muria, ni vitano. Viko kiasi cha kilometa 40 kutoka bara. Al Hallaniyah ndicho kikubwa, kina ukubwa wa kilometa za mraba 56 hivi, na ndicho pekee chenye watu: kijiji kidogo cha wavuvi. Vingine ni vya ndege wa baharini.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna neno letu dogo katika historia yake. Mwaka 1854 Seyyid Said, yule mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, aliwapa Waingereza visiwa hivi wakati wa Malkia Victoria. Walichokitaka zaidi huko ni kinyesi cha ndege kilichorundikana juu ya mawe, ambacho ni mbolea kali. Walikichimba kwa miaka michache tu, lakini visiwa vilibaki mikononi mwao mpaka mwaka 1967, vilipopewa Oman tena.

Kuna kisa kingine cha zamani zaidi, na hicho ndicho kilichomvuta Baba kwenye ghuba ya kaskazini-mashariki ya kisiwa, iitwayo Ghubbat ar Rahib. Watoto wetu hujifunza shuleni habari za Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Alirudi mwaka 1502 na merikebu nyingi zaidi, akailazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, kisha akaendelea hadi India. Katika msafara huo walikuwamo wajomba zake wawili, Vicente na Brás Sodré. Yeye alipoondoka kurudi Ureno, aliwaachia merikebu kadhaa walinde pwani ya India. Wao wakaacha ulinzi, wakaja huku Uarabuni kuteka vyombo vya wafanyabiashara.

Mwaka 1503 walitia nanga katika visiwa hivi ili kutengeneza chombo kilichovuja. Walikaa vizuri na wenyeji. Walibadilishana nao vyakula. Mwezi wa Mei wavuvi wakawaambia kwamba unakuja upepo mkali kutoka kaskazini, na kwamba merikebu zihamie upande wa pili wa kisiwa, uliokingwa. Wavuvi wenyewe walihamisha vyombo vyao. Wareno waliona kwamba nanga zao ni za chuma na zinatosha. Upepo ukaja. Merikebu mbili zilikatika. Moja ilisukumwa pwani na watu wake wengi wakaokoka. Ya pili, Esmeralda, ilivunjika ikazama pamoja na Vicente Sodré.

Mabaki yanayoaminiwa kuwa ya Esmeralda yalionekana mara ya kwanza mwaka 1998, na kati ya mwaka 2013 na 2015 wataalamu wakishirikiana na serikali ya Oman waliyafanyia uchimbaji. Walipata zaidi ya vitu 2,800: kengele ya shaba inayodhaniwa kuwa ya mwaka 1498, sarafu za dhahabu za Lisbon, na kipande cha chombo ambacho mabaharia walitumia kupimia kimo cha jua. Baba alikuwa amesoma yote hayo. Alitaka kutia nanga mahali pale pale ili siku moja awaambie wajukuu kwamba amelala juu ya Esmeralda.

Asubuhi njema

Machi katika pwani ile kaskazi imechoka na kusi bado. Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari kama mafuta kwenye sahani. Tulitia nanga katika kina cha meta sita, maji meupe hata mnyororo tuliuona ukilala mchangani. Ghubani zilikuwamo boti sita za faiba za wavuvi. Baba alizihesabu, kwa sababu nahodha huhesabu kila kitu.

Tulishuka na mtumbwi wa mpira. Tulibeba sufuria, unga wa chapati, birika, mkeka, tanga kuukuu la kujifunika jua, na ndoo ya nguo chafu za siku nane. Kwenye pwani kavu namna ile, kufua ni hesabu. Nguo zilifuliwa kwa maji ya bahari na sabuni nyingi, kisha kila nguo ikasuuzwa kwa kikombe cha maji baridi, na maji yale yale ya kusuuzia shati yakasuuza kanga. Mama anasema tangu siku ile hafungui bomba nyumbani bila kukumbuka kikombe.

Tulisimika makasia mawili, tukatandaza tanga juu yake, tukapata kivuli pekee kilichokuwapo upande ule wote. Tulipika chapati. Tulikunywa chai ya tangawizi tukiwa tumekaa pamoja, wote watatu, wakati mmoja, na hakuna aliyetazama saa. Halafu tulitembea. Mchangani palikuwa na alama za kaa, na magamba ya konokono wa kila namna. Penye majabali wavuvi walikuwa wameanika papa. Harufu ile ilitupiga puani sote wawili, tukatazamana. Ilikuwa harufu ya sokoni Tanga tulipokuwa watoto. Mama alianza kueleza jinsi mama yake alivyokuwa akiloweka papa mkavu usiku kucha kabla ya kumtia tui la nazi, na Baba, ambaye amekula papa ule mara nyingi kwa mama mkwe wake, aliusikiliza ufundi wake kwa mara ya kwanza.

Tuliporudi kivulini Baba alilala. Siku nane alikuwa hajalala zaidi ya saa nne mfululizo. Alilala chali, mdomo wazi, kofia usoni. Mama alimtazama akasema moyoni, "Huyu hata tetemeko lisimwamshe."

Neno la bibi

Maji yalikuwa yamekupwa. Akina mama wawili na binti mmoja wa kisiwani walikuwa kwenye miamba wakiokota konokono. Mama alichukua chapati tano akazifunga kwenye kitambaa, akaenda kuwasalimu, kijana wa Sur akiwa mkalimani. Walipokea chapati, nao wakatoa tende na kahawa chungu yenye iliki. Walikaa kwenye jabali. Waliulizana habari ambazo wanawake huulizana popote: watoto wangapi, wako wapi, nani ameolewa, nani hajapata kazi.

Kisha yule mkubwa wao, bibi wa umri wa mama yetu, akanyoosha kidole kwenye mashua yetu. Alizungumza kidogo, na kijana akatafsiri.

"Bi mkubwa, bibi huyu anasema, mwambie mumeo aondoe chombo hapa kabla jua halijatua. Anasema usiku utakuja *belat*."

*Belat* ni upepo wa pwani ile, kutoka kaskazini. Huvuma kati ya Desemba na katikati ya Machi. Hutoka barani, jangwani, kwa nguvu, na kuleta vumbi baharini. Bibi alionyesha kaskazini. Asubuhi upeo wa macho ulikuwa mwembamba na safi. Sasa chini yake palikuwa na utepe wa rangi ya mchanga, si mpana kuliko kidole. Alisema pia kwamba midomo yake imekauka tangu alfajiri, na hiyo ni dalili.

Mama alishukuru, akarudi kivulini. Hapa ndipo pagumu pa kisa hiki.

Mama alimkuta Baba bado amelala. Akakaa kando yake na neno lake mdomoni, asiliseme. Alijiambia kwamba Baba amechoka. Alijiambia kwamba Baba ndiye nahodha, ana simu ya setilaiti na utabiri wa hali ya hewa, na yeye Mama ana nini? Ana maneno ya bibi mwokota konokono. Lakini sababu ya kweli haikuwa hiyo. Sababu ya kweli ni kwamba siku ilikuwa nzuri, na hakutaka kuwa yeye wa kuiharibu. Nusu saa nzima alikaa hivyo. Baba alipoamka, aliamka anacheka, na Mama hakuwa amemsikia akicheka tangu Muscat. Akanyamaza tena. Wakawasha moto wa mbao zilizotupwa na maji, wakaanza kuchoma samaki.

Samaki alipogeuzwa upande wa pili, Mama alisema.

Baba alijibu, "Nani kasema? Wale wanaookota konokono?"

Tulipokuwa tukiandika ukurasa huu Mama alitaka kulainisha jibu hilo. Baba amekataa. Ameomba liandikwe kama alivyolisema, kwa kuwa ndivyo alivyolisema. Akaendelea kueleza kwamba utabiri ni wa upepo mdogo, kwamba nanga yetu ni nzuri, kwamba mnyororo ni mrefu. Kijana wa Sur alitazama chini. Hakuwa na la kusema mbele ya watu wazima wanaopishana.

Tulikaa kimya. Moshi wa samaki ulikuwa ukipanda wima, kwa sababu hapakuwa na upepo hata kidogo. Kisha Mama akaelekeza mkono ghubani, mahali ambapo Baba mwenyewe alikuwa ametuonyesha asubuhi, akasema polepole, "Baba Watoto, hata wale waliambiwa. Nao nanga yao ilikuwa nzuri."

Baba alitazama maji. Halafu akatazama boti za wavuvi, akazihesabu. Asubuhi zilikuwa sita. Sasa ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa ndani yake anavuta nanga.

"Na utabiri wako ni wa lini?" Mama akauliza.

Ulikuwa wa juzi. Tulikuwa tunabana matumizi ya simu.

Kuhama

Baba aliinuka bila kusema neno. Tuliacha samaki juu ya moto. Tuliacha mkeka, ndoo, na lile tanga kuukuu kwenye makasia yake, tukapiga maji kwa mikono na kasia moja la akiba. Nanga ilikuwa imeshika nyuma ya jiwe na ilitupotezea karibu saa nzima. Mnyororo ulichuna kiganja cha Baba, na alama anayo hadi leo. Tuliondoka kwa injini, tukazunguka kisiwa jua likiwa linashuka. Wakati huo wote bahari ilikuwa shwari vile vile, na Baba alikuwa na uso wa mtu ambaye ameondolewa kitandani bure. Mama alikuwa akiomba kimoyomoyo, na hakujua aombe nini: upepo uje ili asionekane mpumbavu, au usije.

Upande wa pili tulizikuta zile boti sita. Mvuvi mmoja alisimama akatupungia mkono hadi tulipofika mahali alipotaka tutie nanga. Hakucheka wala hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyekuwa akitungojea.

Upepo ulikuja saa nane usiku. Haukuanza kidogo kidogo. Ulikuja wote pamoja, na sauti yake kwenye mlingoti ilikuwa kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa bila kuvuta pumzi. Hewa ilijaa vumbi. Tulijifunga kanga mdomoni. Chombo kilivuta mnyororo wake, kikashika, kwa sababu kisiwa kilikuwa kimesimama kati yetu na mawimbi. Tulikaa wote watatu juu hadi kulipokucha. Asubuhi kamba zote zilikuwa nyekundu kwa mchanga wa jangwa lililo kilometa 40 kutoka pale.

Baba ndiye aliyesema, si Mama. Alisema, "Kule ghubani tungekuwa mawe ya pili."

Waswahili wanasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeisema methali hiyo kwa watoto wetu mara nyingi, tukidhani mkuu ni sisi. Siku ile mkuu alikuwa bibi mwenye kikapu cha konokono, ambaye hata jina lake hatulijui. Mtu akiishi kisiwani miaka 60 akautazama upeo mmoja, anajua jambo moja ambalo simu ya setilaiti haijui. Kosa la Wareno halikuwa kukosa akili. Walikuwa mabaharia hodari kuliko wengi. Walikosa tu kuamini kwamba mtu aliyewapa chakula anaweza pia kuwapa shauri.

Siku mbili za kuzungumza

*Belat* ulivuma siku mbili. Hatukuweza kushuka pwani wala kuondoka. Tulikaa ndani ya chumba kidogo, madirisha yamefungwa, tukila chapati na tende. Na humo ndani ugomvi ambao mama yule aliuliza katika barua yake ulikuja, taratibu, bila kelele.

Baba aliuliza kwa nini Mama alikaa nusu saa bila kumwambia. Mama alijibu ukweli, kwamba aliogopa kuharibu siku. Baba akauliza, "Ni mangapi mengine umeyanyamazia?"

Lilikuwapo moja. Kwa miezi saba Baba alikuwa akipanga kukopa fedha kwa dhamana ya nyumba yetu ili anunue mashua yake mwenyewe. Kila alipolizungumza, Mama aliitikia "vizuri", naye usiku hakulala. Nyumba ile tuliijenga miaka 11, tofali kwa tofali. Alimwambia yote humo chomboni, upepo ukipiga kelele hata ikabidi aseme kwa sauti ambayo asingeitumia nyumbani. Baba hakufurahi. Siku nzima alizungumza na kijana wa Sur tu. Lakini jioni ya pili alichukua karatasi akamwomba Mama wapige hesabu pamoja, mstari kwa mstari. Mashua ile hatukuinunua. Baba anataka tuandike kwamba hatujainunua bado.

Siku ya tatu kulikuwa kweupe. Tulirudi ghubani kuchukua vitu vyetu, tukitegemea kwamba vyote vimepeperushwa. Mkeka haukuonekana tena. Lakini tanga kuukuu lilikuwa limekunjwa vizuri nyuma ya jabali, limewekewa mawe juu, na makasia na ndoo kando yake. Mtu alikuwa amekuja kabla ya upepo akavifunga. Mama aliacha pale mfuko wa unga na kanga mpya ambayo hajaivaa, akaviwekea mawe juu vile vile. Kisha tukatweka tanga kwenda Salalah.

Kwa mama aliyetuandikia

Dada yetu, jibu la swali lako ni hili. Tunapumzika, ingawa si mara nyingi. Na ndiyo, tunagombana. Tumefikiri sana juu ya yale uliyosema, kwamba maneno huja siku za mapumziko kwa sababu ndipo yanapopata nafasi. Tunaona umesema kweli, lakini hatuoni kwamba ni jambo baya. Neno ambalo halina nafasi siku ya kazi halifi. Linakaa chini kama ule utepe wa mchanga kwenye upeo wa macho, jembamba kuliko kidole, na wewe unaendelea kuchoma samaki.

Mama anapenda kuwaambia akina mama wenzake kwamba kunyamaza ili siku isiharibike si upole. Alidhani ni upole kwa miaka mingi. Siku iliharibika hata hivyo: samaki aliungua, mkeka ulipotea, kiganja cha Baba kilichunika. Chombo ndicho kilichopona, na chombo ndicho kilichokuwa kimebeba watu.

Baba naye anapenda kuwaambia waume wanaosoma ukurasa huu kwa kujificha kwamba mke wako akikuletea neno, usiulize kwanza limetoka kwa nani. Inuka uhesabu boti.

Tukijaliwa, tutaonana mwezi ujao.